Sura Aliyoiamini Joash

Barua ya Joash ilinifikia Ijumaa asubuhi, imefichwa katikati ya karatasi za kitabu kutoka kiwanda cha chapa, na ilikuwa na maneno manne tu: Hongera kwa ndoa yako.

Niliisoma nimesimama jikoni kwa Konsuli, Hezekiah mpishi akimenya viazi mbele yangu, nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Sikuwa nimeolewa na mtu yeyote. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kazi yangu ilikuwa kupiga taipu, na katika Nairobi nzima nilimpenda mtu mmoja tu, naye ndiye huyo aliyekuwa akinipongeza. Kisha nikatazama karatasi zilizokuja na barua hiyo. Ilikuwa sura ya kumi na nne. Nikakumbuka sura hiyo inaishaje, kicheko kikanikauka mdomoni.

"Kuna habari mbaya?" Hezekiah aliuliza.

"Kuna mtu amesoma kitabu," nikamwambia.

Ni lazima niseme habari za Konsuli kwanza, maana bila yeye hakuna lolote lingetokea. Jina lake lilikuwa Bwana Tornell. Kwa miaka thelathini alikuwa konsuli wa nchi yake ya baridi huko Unguja, Adeni na Bombei, na alipostaafu alinunua nyumba juu ya Uthiru, akaingia kwenye kuandika vitabu kama wazee wengine wanavyoingia kwenye kufuga kuku. Kitabu cha kwanza kilikuwa kumbukumbu za maisha yake. Mimi nilikipiga taipu, na Joash Ogutu, mpanga herufi katika kiwanda cha chapa cha Bwana Dhanji karibu na River Road, akakipanga herufi moja moja kwa mkono. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Nilipeleka karatasi, akaniuliza neno asiloweza kulisoma, nami nikainama kulitazama. Tuliinama juu ya lile neno muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Katika kitabu hicho cha kwanza Hezekiah alikuwemo, kwa jina lake kamili, na kisa cha meno ya bandia ya Konsuli yaliyopatikana ndani ya supu ya gavana. Joash hakuamini. Akaja kumuuliza Hezekiah mwenyewe. "Kweli tupu," Hezekiah akasema, "na kijiko changu ndicho kilichoyapata." Tangu siku hiyo Joash akawa anaamini kila neno la Konsuli kama watu wengine wanavyoamini redio.

Lakini kitabu cha pili kilikuwa riwaya. Konsuli alinieleza tofauti yake mimi, hakumweleza Joash. "Kwenye ubalozi nililipwa kusema uongo uliofanana na ukweli," alikuwa akisema, "sasa naandika ukweli unaofanana na uongo." Aliyapenda sana maneno hayo. Aliyasema mara mbili kwa wiki.

Taabu ni kwamba alipofika katikati aliishiwa. Alasiri moja akaniuliza, "Bibi Wahu, kwenu msichana hulia kwa sababu gani?" Nami, mjinga wa Mungu, nikamwambia. Kwa miezi mitatu, kila saa tisa, chai mezani, nilimwambia yote: Joash na mimi, baba yangu asiyetaka kusikia habari za mtu wa Ziwa, na Muchiri wa Kabiria ambaye watu wake walikuwa wameanza kuja kwetu kuniposa. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo. Yeye akabadilisha majina. Akanifanya Mkamba, akaniita Kanyiva, akaniongezea kimo, akawapa Wakamba desturi zetu Wakikuyu bila kuwauliza. Mengine akayaacha kama nilivyoyasema. Na sura ya kumi na nne aliimaliza kwa kichwa chake mwenyewe: Kanyiva anaulizwa mbele ya wageni kama chai inywewe, anaona mkono wa baba yake unatetemeka, anakunywa, anampa baba yake kikombe. Amekubali. Amekwisha.

Niliipiga taipu sura hiyo nikifikiria vituo na mikato. Sikufikiria ni mkono wa nani utakaoipanga.

Na kesho yake, Jumamosi, mimi Wahu wa kweli, wala si yule wa kitabu, nilikuwa niulizwe swali lile lile nyumbani kwetu Riruta, mbele ya watu wa Muchiri.

Konsuli alinitilia sahihi barua ya ruhusa bila kuuliza mengi. Siku zile za Hali ya Hatari mtu wa kabila letu hakwenda mjini hivi hivi. Ulihitaji pasi yako na karatasi ya bwana wako, na saa imeandikwa. Yangu ilisema saa kumi. Nikapanda basi.

Bwana Dhanji aliniona mlangoni akashusha miwani. "Dakika kumi, binti," alisema, "na usimguse mkono. Ana herufi za ukurasa mzima ndani ya fremu ya chuma, zitamwagika." Alikuwa mtu mwema. Alijua, nadhani kila mtu kiwandani alijua.

Joash alikuwa amesimama mbele ya makasha yake ya herufi, aproni nyeusi, mikono ya shati imekunjwa. Mkono wake ulikuwa ukienda kwenye kasha na kurudi, bila yeye kuangalia. Nilikuwa nimeupenda mkono ule kabla ya kumpenda mwenyewe. Hakugeuka.

"Bibi arusi amekuja," alisema.

"Joash, mimi sijaolewa."

"Bado. Najua. Ni kesho, ama ilikuwa Jumamosi ile ingine? Kwa kitabu hakuna tarehe."

"Hiyo ni riwaya. Ni hadithi! Mzee amebuni."

"Yule mzee?" Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa kukosa usingizi au kwa wino. "Yule habuni kitu. Mimi nilipanga kitabu yake ya kwanza, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Nikauliza meno, ikawa kweli. Nikauliza ile punda ya sultani, ikawa kweli. Mtu hawezi kuanza kusema uongo na miaka sabini, Wahu."

"Hicho cha kwanza kilikuwa maisha yake. Hiki ni kitu kingine. Wazungu wana vitabu vya kweli na wana vitabu vya kubuni, na vyote wanavifunga kwa jalada moja. Nikuapie kwa nini?"

"Usiape. Nijibu tu." Akainua kidole gumba cha kushoto, chenye kovu la risasi iliyoyeyushwa, ile ya kutengenezea herufi, iliyommwagikia akiwa mwanafunzi wa kazi. "Kijana wa kitabu ana hii. Upande huu huu. Mzee aliona wapi kidole yangu? Mimi sijawahi kumpa mkono."

"Nilimwambia."

"Ulimwambia. Na ile siku mvua ilitukuta nyuma ya kanisa, nikakuambia vile mama yangu alilala njaa ndio mimi nisome. Sijaambia mtu ingine hiyo. Hata ndugu yangu Odero hajui. Hiyo pia ulimwambia?"

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na herufi moja imeanguka karibu na kiatu chake, sikujua ni ipi.

"Hata hiyo," nikasema.

"Basi nimepanga machozi ya mama yangu kwa Kiingereza, herufi kwa herufi, na sikujua ni ya mama yangu mpaka nilifika katikati." Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda. "Nilisimama hapa, Wahu. Nikashindwa kuendelea. Dhanji akafikiri naugua."

"Nisamehe."

"Ngoja. Bado." Akachukua karatasi kutoka kwenye msumari ukutani, akatafuta mstari kwa kidole, akasoma Kiingereza polepole, kisha akakitafsiri, kana kwamba mimi siye niliyeipiga taipu. "'Nampenda, lakini kwao siwezi kukaa. Nitakuwa mgeni mpaka siku nitakayozikwa.' Kanyiva anasema hii. Hii mzee alibuni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, neno moja tu, naye alikuwa akitaka niupite. Niliona jinsi alivyokuwa akitaka. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mtu niliyemnyang'anya siri yake, na sikuwa na ujasiri wa kumwongezea uongo.

"Hapana," nikasema. "Hayo nilisema mimi."

Akairudisha karatasi msumarini. Aliirudisha taratibu sana.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu ungeniacha."

"Na sasa?"

Hapo hasira ikanipanda, na nitasema wazi kwamba ilikuwa ya haki. "Na wewe, uliwahi kuniuliza? Umenijengea nyumba huko kwenu Alego kwa mdomo wako, Joash, ukaniwekea mlango, ukaniwekea kuku, ukaniambia mama yako atanifundisha kupika samaki. Sijui neno moja la lugha yenu. Mzee wa watu aliniuliza, 'Unaogopa nini?' Wewe hukuniuliza hata siku moja."

"Ningeuliza, ungenijibu ukweli?"

"Sijui," nikasema.

"Mimi najua. Kwa mdomo unaniambia kitu moja, kwa karatasi unasema ingine. Mimi ni mtu ya karatasi, Wahu. Hiyo ndiyo naamini." Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa michafu. "Kuna mtu Kampala anataka mpanga herufi. Nimeambia Dhanji nitamaliza hii kitabu kwanza, sitaki kuacha kazi ya mtu katikati. Mwisho wa mwezi naenda."

Kampala. Kwangu mimi, niliyehitaji karatasi yenye saa ili kufika River Road, angesema anakwenda mwezini ingekuwa sawa tu.

"Usiende," nikamwambia.

"Basi niambie kitu. Kesho wakikuuliza kama chai inywewe, utasema nini?"

Wasomaji wangu, mtaniambia jibu lilikuwa rahisi. Ninyi hamkuwa na baba yangu. Kuna mwaka mmoja askari waliwapanga watu mstari uwanjani, na mtu alihitaji mtu mwingine asimame aseme, huyu namjua, ni mtu mwema. Mzee Mungai wa Kabiria alisimama akasema hivyo juu ya baba yangu, na baba akalala nyumbani usiku huo wakati wengine hawakulala kwao. Muchiri ni mtoto wa Mzee Mungai. Baba hakuwahi kunilazimisha. Alikuwa akisema tu, kila akiosha mikono kabla ya kula, "Watu wa Kabiria ni watu," na mimi nilikuwa nakosa hamu ya chakula. Na Muchiri mwenyewe hakuwa na kasoro ya kunisaidia. Alifanya kazi kwenye maabara ya mifugo Kabete, hakulewa, na aliponisalimia alivua kofia. Angekuwa mbaya ningemshukuru.

Nilikuwa nikihesabu watu nitakaowavunja moyo, na nilihesabu mno.

"Nimesikia," Joash alisema.

"Sijasema kitu!"

"Ndiyo hiyo nimesikia."

"Binti," Bwana Dhanji aliita kutoka mlangoni, kwa upole, "saa tisa imepita. Basi lako."

Joash alikuwa ameshageukia makasha yake. Mkono ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi. Nikaondoka. Jibu zuri kabisa, lenye nguvu na machozi na kila kitu, lilinijia nikiwa nimeketi ndani ya basi, tumeshapita Westlands, mahali ambapo halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Jumamosi walikuja wanane. Mama alikuwa amekaanga maandazi tangu alfajiri. Zamani, kwa babu zetu, ilikuwa pombe, na msichana alipewa pembe; sisi watu wa misheni tuliweka chai, lakini swali halikubadilika. Tata Wangu, dada ya baba, ndiye aliyemimina kikombe cha kwanza na kunipa mkononi. Kilikuwa cha moto. Muchiri alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Wahu," baba alisema, amesimama, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, "wageni hawa unawaona. Chai imeiva. Tuinywe, au tusiinywe?"

Nilimtazama mkono, nitakiri. Nilikuwa nimeipiga taipu sura ile mara tatu na kichwa changu kilikuwa kimejaa. Mkono wa baba haukutetemeka hata kidogo. Alikuwa akinitazama usoni kwa imani kubwa, bila wasiwasi, kama mtu anayeuliza mtoto wake jina. Konsuli hakuwa amejua kuandika hilo. Mkono unaotetemeka ningeuweza.

Nilifikiri juu ya Muchiri pia. Nilifikiri kwamba mtu anayevua kofia hastahili mke anayemhesabia siku.

"Msiinywe," nikasema.

Nilidhani kutakuwa na kelele. Hakukuwa na kelele. Tata Wangu alinipokonya kikombe, mama akaingia jikoni na hakutoka. Mzee Mungai akachukua kofia yake, akampa baba mkono, akamwambia, "Macharia, mimi na wewe bado ni sisi," na hilo ndilo lililomuua baba kabisa. Muchiri alikuwa wa mwisho kutoka. Alipopita karibu yangu alisema kwa sauti ya chini, "Asante kwa kusema leo." Sijawahi kujua alimaanisha nini, lakini nimemwombea mema tangu siku hiyo.

Baba alikaa muda mrefu mbele ya vikombe visivyoguswa. Kisha akaniita.

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukanijibu mbele ya watu. Hiyo ni haki yako, sikugusi. Leta pasi yako."

Nikaileta. Akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

"Kwa Konsuli huendi. Mjini huendi. Barua haitoki nyumba hii, wala haiingii, mpaka nijue ninaishi na nani. Ni yule Mjaluo wa kiwandani?"

"Ndiyo, Baba."

"Walipokuja kukuposa, yeye na yule ndugu yake Odero, niliwapa chai. Niliwakatalia kwa heshima. Nilidhani nimeeleweka." Akasimama. "Sina la kumwambia Mungai, Wahu. Unaelewa? Nitakutana naye kanisani kesho, na sina la kumwambia."

Hakunipiga, hakunitukana. Ningejua la kufanya na mtu anayenitukana. Bila pasi nisingeweza kupita askari wa darajani, na hata ningepita, ningefika wapi? Jumapili nilikaa nyumbani. Jumatatu nilifua nguo zote, hata zilizokuwa safi. Nilihesabu siku za mwezi zilizobaki: zilikuwa kumi na nne. Siku moja kati ya hizo Joash angefunga sanduku lake akijua kwamba nimekunywa chai, kwa sababu karatasi ilisema nimekunywa, na mimi mdomo wangu ulikuwa umefungwa Riruta.

Jumanne Konsuli akaja mwenyewe. Aliliacha gari barabarani, akateremka na fimbo yake, na nyuma yake Hezekiah amebeba mashine ya taipu kichwani.

"Hodi hapa," aliita, kwa Kiswahili chake cha Unguja kilichonyooka kuliko cha mchungaji wetu. "Bwana Macharia, nimekuja kuomba."

Wakakaa. Waliulizana hali za afya, za mahindi, za mvua. Konsuli hakutaja jina langu kwa nusu saa nzima, na hapo nikaona kazi aliyoifanya miaka thelathini ilikuwa kazi gani.

"Binti yako ameacha kazi yangu katikati," alisema mwishowe. "Sikulaumu, nyumba ni yako. Lakini kuna sura imerudi kutoka kiwandani, inangoja masahihisho, na mwandiko wangu hawezi kuusoma mtu mwingine. Siku mbili tu."

"Huko hatakwenda, Bwana."

"Basi kazi ije kwake. Afanyie hapa, mbele yako."

Baba alifikiri. Kuacha kazi ya mtu katikati kilikuwa kitu asichokipenda, sawa na Joash, ingawa ningemwambia hivyo angenifukuza. "Mezani kwangu," alisema. "Mimi nimekaa hapo hapo. Na mkizungumza, mzungumze Kiswahili, nisikie."

Hivyo Jumanne na Jumatano nilipiga taipu, baba yangu ameketi upande wa pili wa meza na Biblia yake ya Kikikuyu. Kiingereza hakukisoma. Kila nilipofika mwisho wa mstari kengele ya mashine ililia, naye akainua macho. Masahihisho yalikuwa machache. Niliyamaliza Jumanne. Jumatano asubuhi nilizitoa kurasa mbili za mwisho za sura ya kumi na nne, nikaweka karatasi nyeupe, nikakaa.

"Umechoka?" baba aliuliza.

"Nafikiri, Baba."

Nikaanza. Kanyiva akaulizwa kama chai inywewe, akasema msiinywe. Wageni wakaondoka. Baba yake akachukua pasi yake, akaiweka kwenye koti. Barua haitoki nyumba ile, wala haiingii, na siku za mwezi zinakwisha. Niliandika polepole kwa sababu vidole vilikuwa baridi.

"Hapo umeandika nini?" baba aliuliza ghafla.

"Msichana anazungumza juu ya baba yake."

"Anasema nini?"

"Anasema si mtu mbaya."

Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Endelea," alisema.

Ilibaki ile sentensi. Ningeweza kuifuta tu. Ningeweza kuandika tamu, kwamba Kanyiva hajui woga, kwamba kwa kijana wake kutakuwa kwake tangu siku ya kwanza. Lakini Joash alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi haikuwa imemdanganya bado kuhusu moyo wangu. Nikaandika: "Nampenda, na kwao naogopa. Nitakwenda na woga wangu, kama ataningoja."

Konsuli alifika saa kumi, Hezekiah nyuma yake, mvua kubwa ikinyesha. Gari lilishindwa kufika. Lilibaki juu kwenye lami. Aliketi, akavaa miwani, akasoma kurasa mbili zile kutoka juu hadi chini. Zilikuwa zimeondoa mwisho wake, ule mwisho aliokuwa akiupenda kuliko kitabu kizima. Aliwahi kunisomea kwa sauti. Nilimtazama uso. Haukusema kitu. Baba naye alimtazama, naye hakuona kitu.

"Ndivyo ilivyo?" aliniuliza kwa Kiswahili, bila kuinua macho.

"Ndivyo, Bwana."

Akatoa kalamu. Nilijua atapiga mstari, kwa sababu mtu hawezi kumpa taipisti wake mwisho wa kitabu chake. Akaandika herufi mbili za jina lake pembeni, ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, kama kiwanda kinavyotaka ili badiliko likubaliwe.

"Mpanga herufi atazipata kesho asubuhi," alisema.

"Kazi ni nzuri?" baba aliuliza. Alikuwa na fahari kidogo, licha ya yote. Niliisikia.

"Ni bora kuliko yangu, Bwana Macharia."

Konsuli akasimama na fimbo yake, akatazama mvua, akatazama kilima cha matope kilichokuwa kati ya mlango wetu na gari. Hezekiah alikuwa amebeba mashine. Mzee mwenyewe alihitaji mkono mmoja wa fimbo na mwingine wa kushikiliwa.

"Zitalowa hizo," baba alisema.

Akazichukua karatasi mezani. Akazipanga kingo zilingane, akafungua koti lake, akaziweka kifuani, akalifunga tena kifungo kwa kifungo mpaka shingoni. Kisha akamshika Konsuli mkono, wakatoka. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakipanda, baba yangu ameinama mbele ili mvua impige mgongoni isimpige kifuani. Nilitaka kumwita. Nilitaka kumwambia, Baba, rudi, hujui umebeba nini. Nilishika mlango kwa mikono miwili na sikumwita.

Alirudi baada ya robo saa, amelowa mpaka kwenye soksi. Akavua kofia, akaikung'uta nje ya mlango.

"Zimefika kavu," aliniambia.